Fisi si jike-dume, popo si kipofu: nani mkweli kati ya mtoto na mjomba?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 9, ameingia kwenye ubishi mkali na mjomba wake kuhusu wanyama. Mjomba anasema fisi ana jinsia mbili na hawezi kuwinda, kazi yake kuiba tu. Nyoka ni kiziwi. Popo haoni. Kinyonga anabadilika rangi ili afanane na alipokaa, na ana sumu. Mbuni akiogopa anazika kichwa kwenye mchanga. Tembo anaogopa panya. Mtoto anakataa yote, anamuuliza "umejuaje?" Nani mkweli?"

Marahaba dada. Swali lako limenifurahisha sana kwa sababu mtoto wa miaka 9 anayetaka kujua "umejuaje" ni wa kumshikilia vizuri asiache tabia hiyo. Ila naomba na mjomba asionewe. Nimefundisha mambo ya wanyama muda mrefu na ninachokiona ni kwamba haya maneno karibu yote hayakutungwa hewani, kuna mtu aliona kitu kweli kwa macho yake, alafu akakosea pale kwenye kueleza kwa nini. Kwaiyo nikijibu nitakwambia na huyo mtu aliona nini, maana ukimwambia mtoto "ni uongo" ukaishia hapo, atakuwa amebadilisha tu mtu wa kumwamini.

Naanza na fisi kwa sababu ndo anayesingiziwa kuliko wote. Kwanza fisi wapo aina 4 duniani, na hii habari ya jinsia mbili inamhusu mmoja tu, fisi madoa, yule mkubwa mwenye sauti ya kucheka usiku. Jike wa fisi madoa ana kisimi kirefu kinachokaribia ukubwa wa uume wa dume na kinasimama vilevile, alafu midomo ya uke imeungana na kuvimba mpaka inaonekana ni korodani. Kwa nje hana tundu lingine la uke. Anakojoa kupitia hapo, anapandwa kupitia hapo, anazaa kupitia hapo hapo. Sasa mtu amemwona fisi leo akasema hili dume, kesho anamkuta huyo huyo ananyonyesha, ulitaka aseme nini? Alichokiona ni kweli kabisa. Lakini ndani huyo ni jike kamili ana mji wa mimba na mayai yake, na dume ni dume kamili, hakuna anayebadilika wala mwenye zote mbili. Aristotle, msomi wa Ugiriki ya kale, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba fisi kuwa na jinsia mbili si kweli, na ubishi haujaisha mpaka leo.

Na huo mwili una mateso yake. Njia ya kuzalia ni ndefu na nyembamba, jike anayezaa mara ya kwanza anachanika, na watoto wengi wa uzao huo wa kwanza wanakufa kwa kukosa hewa kabla hawajatoka. Kwa nini mwili uwe hivo? Wengi walidhani jibu ni rahisi, homoni za kiume zimezidi tumboni basi. Watafiti wa chuo kikuu cha California kule Berkeley walikuwa wanafuga kundi la fisi, wakawapa majike wenye mimba dawa za kuzuia kazi ya hizo homoni, na watoto wa kike bado wakazaliwa na kile kiungo, kilichobadilika ni umbo tu. Kwaiyo homoni zina mchango ila haziwezi kuwa jibu zima. Kinachojulikana vizuri ni maisha yao: jike ndo mwenye amri, kwa kawaida ni mkubwa kidogo kuliko dume, mtoto anarithi cheo cha mama yake, na dume aliyehamia kwenye ukoo mgeni anaanzia chini kabisa.

Hilo la wizi ndo linaniuma zaidi. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk alifanya kazi Serengeti na Ngorongoro, na badala ya kuwaangalia fisi asubuhi ambapo kila mtu anawaangalia, yeye akawafuata usiku. Akakuta fisi ni wawindaji hasa, wanachagua mnyama, wanamkimbiza kwa kilomita kadhaa bila kuchoka, na kule Ngorongoro chakula chao kikubwa walikuwa wanakiua wenyewe. Alafu kukicha watu wanafika wanamkuta simba amekaa juu ya nyumbu aliyekufa na fisi wamezunguka wanasubiri, basi wanahitimisha, simba kaua fisi wanadoea. Kumbe mara nyingi fisi ndo waliua, simba kasikia kelele za ugomvi akaja akawafukuza kwenye chakula chao! Macho ya watalii yalikuwa sahihi, simba yupo, fisi wanasubiri, ila walikosa kuona yaliyotokea usiku uliopita. Na sisemi fisi hali mizoga, anakula, na simba anakula, na chui anakula, wanyama wengi wa nyama wakikuta mzoga hawaupiti. Tofauti ni kwamba fisi anamaliza hadi mifupa, ndo maana kinyesi chake kikikauka ni cheupe, ni madini ya mifupa hayo.

Mwambie na mtoto hili, kwa mwonekano fisi unamweka upande wa mbwa lakini kwa ukoo yuko karibu zaidi na paka, fungo na nguchiro. Na kati ya wale aina 4 kuna mmoja mdogo mwenye milia ambaye chakula chake karibu chote ni mchwa, analamba kwa ulimi wenye kunata usiku kucha.

Tuje kwa nyoka, hapa nitakaa kidogo kwa sababu kuna jambo linaua watu. Aliyesema nyoka ni kiziwi aliangalia kichwa chake akakuta hakuna sikio, hakuna tundu, hakuna ngoma ya sikio, na ukipiga kelele hageuki. Sawa. Ila sikio la ndani analo, na limeunganishwa na kamfupa kembamba kanakofika kwenye mifupa ya taya, kwaiyo ardhi ikitikisika taya inatikisika na habari inafika. Kwa muda mrefu hata wasomi walisema anasikia ya ardhini tu ya hewani hapana. Mwaka 2012 walipimwa chatu ikaonekana sauti ya hewani inatikisa fuvu lao na ubongo unaipokea, na mwaka 2023 watafiti wa Australia wakatoa matokeo ya kuwapigia sauti nyoka 19 wakiwa huru chumbani, wengi wao wakaonekana kuzijibu zile sauti, wengine wakisogea mbali na spika, na kuna aina moja ya chatu iliyokuwa inaifuata sauti badala ya kuikimbia. Anachosikia ni sauti nzito nzito, zile za mitetemo mia kadhaa tu kwa sekunde. Sauti nzito ya mtu anayeongea inaweza kumfikia, mluzi mwembamba hapana.

Na yule nyoka anayechezeshwa kwa filimbi? Hachezi muziki. Amesimama vile kwa sababu amejihami, na anafuata kwa macho ile filimbi inavyoyumba pamoja na mkono wa mpigaji. Filimbi ikitulia pamoja na mkono, hata wimbo uendelee, kuyumba kwake kunaisha.

Ulimi nao watu wanauogopa bure, wanadhani ndo unachoma sumu. Sumu inapita kwenye meno. Ulimi ni wa kunusia, anautoa nje unakusanya chembe za harufu, anaurudisha ndani anapeleka kwenye kiungo kilichopo juu kwenye paa la mdomo. Umegawanyika ncha mbili kwa sababu ncha moja inaleta harufu ya kulia na nyingine ya kushoto, hapo anajua windo limeelekea wapi.

Sasa hilo la kuua. Imani potofu mbaya kuliko zote kuhusu nyoka haikuwemo kwenye ubishi wa nyumbani kwako lakini naiweka makusudi: kwamba mtu akiumwa unafyonza sumu kwa mdomo, au unachanja jeraha, au unafunga kamba kwa nguvu juu yake. Usifanye hata kimoja. Sumu ikishaingia kwenye nyama haifyonzeki, kuchanja kunaongeza damu na vidonda, na kamba iliyokazwa inaweza kumfanya mtu akatwe mguu ambao ungepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliweka tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika. Kinachosaidia ni kumtuliza mgonjwa, kuvua pete na bangili kabla hapajavimba, kumzuia asitembetembe na kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, na kumbeba mpaka hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu. Na asitokee mtu wa kumkimbiza nyoka ati amlete daktari amwone, hapo mtapata wagonjwa wawili.

Popo. Hakuna popo kipofu. Wapo aina zaidi ya 1,400 na wote wana macho yanayofanya kazi, na popo wale wakubwa wanaokula matunda wana macho makubwa tu, wengi wao hawatumii mwangwi kabisa (yaani kupiga sauti na kusikiliza inavyorudi), wanaona na kunusa kama kawaida. Hii imani inatokana na kwamba mtu anamwona popo gizani totoro anapita kati ya matawi bila kugonga, anajiuliza huyu anaonaje, na anahitimisha haoni ila ana uchawi fulani. Swali lenyewe lilikuwa zuri sana! Miaka ya 1790 Mtaliano Lazzaro Spallanzani alijaribu, akawaziba macho popo wakaendelea kuruka vizuri, alafu Mswisi Louis Jurine akawaziba masikio wakaanza kugonga kila kitu. Wasomi wa wakati ule wakakataa, kwa sababu popo akiruka wao hawakusikia sauti yoyote. Ikapita karibu miaka 150 mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, Donald Griffin na Robert Galambos wakiwa chuo kikuu cha Harvard wakatumia mashine ya kunasa sauti za juu na ikajulikana kwamba popo anapiga kelele muda wote, ila ni za juu kuliko mitetemo 20,000 kwa sekunde, na sikio la mtu linaishia hapo. Anapiga, sauti inagonga kitu inarudi, anajua kiko wapi na kinaenda upande gani. Akikaribia mdudu anaongeza kasi mpaka zinafika kama sauti 200 kwa sekunde moja, mpaka amdake.

Wanaonyonya damu ni aina 3 tu kati ya hizo zote na wote wapo kuanzia Meksiko mpaka Amerika ya Kusini. Wengine wengi wanakula wadudu au matunda. Ila mtoto asishike popo kwa mkono, hasa aliyeanguka chini, kwa sababu anaweza kubeba virusi vya kichaa cha mbwa au vya jamii hiyo, na akiumwa au akikwaruzwa aoshe kwa sabuni na maji mengi na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kinyonga nampenda sana kwaiyo nisamehe nikirefusha. Kweli anabadilika rangi, hilo halina ubishi. Kosa ni kudhani anaangalia alipokaa alafu anachagua rangi ya kufanana. Ukimweka juu ya kitambaa cha bluu chenye maua hawi bluu yenye maua. Anapotulia rangi yake ya kawaida tayari ni ya majani au magome ya makazi yake, kwaiyo tayari amejificha bila kufanya chochote. Anapobadilika mara nyingi anaongea: dume amekutana na dume mwenzake anawaka rangi kali, anayeshindwa anafifia, jike asiyetaka dume anageuka mweusi mweusi. Tena asubuhi kukiwa na baridi anakuwa mweusi ili apate joto la jua haraka. Mwaka 2008 kulichapishwa utafiti wa vinyonga wadogo wa kusini mwa Afrika, ukaonyesha kwamba wale wanaobadilika sana kuliko wenzao hawakuwa wale wanaoishi mazingira ya rangi nyingi, walikuwa wale wenye maonyesho makali ya kutishana na kutongozana.

Na namna anavyofanya ndo inanishangaza mpaka leo. Miaka mingi ilidhaniwa ni rangi zinazosambaa na kukusanyika ndani ya seli basi. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva akiwemo Michel Milinkovitch walionyesha kwamba ndani ya ngozi kuna seli zilizojaa vijiwe vidogo mno vya fuwele vilivyopangwa kwa mpangilio, kinyonga akitulia vinakaa karibu karibu na kurudisha mwanga wa bluu, ukichanganyika na rangi ya manjano iliyopo juu unaona kijani. Akipandisha hasira vinaachana kidogo, mwanga unaorudi unahamia manjano mpaka wekundu. Ni ile ile sababu ya povu la sabuni kuonyesha rangi wakati halina rangi yoyote ndani yake.

Sumu hana. Wapo aina zaidi ya 200, karibu nusu wako Madagaska, na hakuna hata mmoja anayejulikana kumdhuru mtu kwa sumu. Huenda watu waliona namna anavyovimba, anapanua mdomo na kuzomea, macho yanazunguka kila moja upande wake, wakasema kiumbe wa hivi lazima ana kitu. Anakutisha tu ili umwache aende. Akikung'ata inauma kidogo inaisha. Inanisikitisha kwamba anapigwa mawe kwa kosa ambalo hana uwezo wa kulifanya.

Na kwa kuwa tuko kwenye rangi niongeze moja ambayo najua itafuata: ng'ombe dume kukasirishwa na nyekundu. Jicho la ng'ombe lina aina 2 za seli za rangi wakati la mtu lina 3, nyekundu kwake haina ukali wowote wa pekee. Kinachomchokoza ni kitambaa kinavyopeperushwa usoni kwake, kingekuwa cheupe angekikimbilia vile vile. Mbwa naye sio kweli kwamba anaona nyeusi na nyeupe tu, anaona bluu na manjano, anachochanganya ni nyekundu na kijani.

Mbuni sina mengi. Haziki kichwa, angekosa hewa. Kiota chake ni shimo la kina kifupi ardhini, na anayeatamia anainamisha kichwa mara kwa mara kugeuza mayai kwa mdomo, ukiwa mbali unaona mwili mkubwa na kichwa hakipo. Pia akihisi hatari akiwa kwenye mayai analaza shingo chini ikalingana na udongo. Na akiamua kukimbia anafika kilomita 70 kwa saa, na akiamua kupigana teke lake linaweza kuua mtu, kwaiyo huyo sio mnyama wa kujificha mchangani.

Imebaki ya tembo na panya. Panya hana cha kumtisha tembo, sana sana chochote kidogo kinachochomoka ghafla miguuni kinaweza kumshtua, awe panya, ndege au mbwa, na kushtuka sio kuogopa panya. Lakini kuna mnyama mdogo ambaye tembo anamkimbia kweli, nyuki. Mtafiti Lucy King na wenzake waliwachezea tembo wa Kenya sauti ya nyuki waliochokozwa, matokeo yakatoka mwaka 2007, familia nyingi za tembo ziliondoka haraka, na zilipochezewa kelele nyingine ya kawaida nyingi zilibaki. Baadaye ikaonekana wakikimbia wanatoa na ngurumo maalum ya kuwaonya wengine, wanatikisa vichwa na kujirushia vumbi. Ngozi ya tembo mzima mwiba wa nyuki haupenyi kirahisi, ila pembeni ya macho na ndani ya mkonga ni laini sana, na ndama ngozi yake bado ni nyembamba.

Kutokana na hapo ikazaliwa fensi ya mizinga ya nyuki. Mizinga inaning'inizwa kuzunguka shamba, mmoja kila mita 10, imeunganishwa kwa waya, tembo akisukuma waya mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Haizuii kila tembo kila siku, na kukiwa na ukame nyuki wanahama mizinga inabaki mitupu, lakini imepunguza uvamizi wa mashamba na sasa inatumika nchi nyingi za Afrika na Asia. Mwenye shamba anavuna mazao aliyokuwa anayapoteza, anavuna na asali, na nyuki hao hao wanachavusha maua ya mimea yake.